Msimkate Mtangazaji

Wiki iliyopita nimekutana YouTube na wimbo uliotoka kwenye kaseti ya marehemu mjomba wangu. Kaseti hiyo nilimwazima kijana mmoja mwenye mashine nzuri, na kazi kaifanya: mvumo umepungua, besi inasikika. Ila mtangazaji hayupo. Kamkata! Zile sekunde za mwanzo ambamo mtangazaji anataja mtunzi, waimbaji na wapiga magitaa zimeondolewa, na juu pameandikwa "Zilipendwa 3". Basi.

Jamani, tukumbuke kaseti hizi zilitoka wapi. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na nyimbo nyingi hazikufika dukani kabisa. Aliyezitaka alizivizia redioni. Mjomba aliweka redio mbili zikitazamana, moja ikiimba, nyingine ikirekodi, na ole wake mtoto atakayekohoa. Kwa hiyo jalada lenye majina halikuwahi kuwepo. Majina yako kwenye sauti ya mtangazaji, hakuna pengine.

Na usiniambie jina la bendi linatosha. Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, mwaka 1978 akawa Mlimani Park, yaani Sikinde, mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound (OSS), kisha akarudi kwenye bendi yake ya awali, ambayo nayo imepita majina ya NUTA, JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Hassani Bitchuka naye alizunguka humo humo. Ukiandika "Sikinde" bila mwaka, nitajuaje nani anaitikia? Tena waimbaji wana nafuu, sauti zao tunazitambua. Mpiga rhythm wa mwaka 1979, asipotajwa pale mwanzoni, hatajwi tena popote. Mtu kakesha miaka akipiga gitaa, jina lake limetamkwa mara moja hewani, na sisi tunalifuta kwa kuwa linachelewesha wimbo!

Nakubali, wapo watangazaji walioongea juu ya magitaa hadi ubeti wa kwanza, na inaudhi. Nakubali pia kwamba bila vijana hawa kaseti nyingi zingeoza kwa ukungu. Sawa. Basi weka matoleo mawili, moja la kuchezea, jingine kamili. Suala la malipo kwa familia za wanamuziki lina siku yake, ila hata hilo linaanzia hapa: utamlipa nani usiyemjua?

Juzi nilimwendea kijana anirudishie kaseti, niihamishe upya mwenyewe. Kaniambia mashine ilikula mkanda, akautupa. Usiku ule nikakaa na kalamu kujaribu kukumbuka mtangazaji alitaja akina nani. Yalikuwa majina saba au manane. Nimepata mawili.