Kupotea kwa "Marked Men": lawama ni ya nani?

Mwaka 1919 John Ford, akiwa kijana katika studio ya Universal, alitengeneza filamu ya kauboi isiyo na sauti iitwayo Marked Men. Majambazi watatu wanaokimbilia jangwani wanamkuta mwanamke mahututi, naye anawaachia mtoto wake mchanga. Mhusika mkuu aliigizwa na Harry Carey. Leo hakuna nakala yake hata moja inayojulikana, na lawama huangukia studio zilizoacha filamu za aina hiyo zipotee.

Wanaozitetea studio wana hoja. Sauti ilipoingia kwenye sinema mwaka 1927, filamu za kimya ziliacha kuingiza pesa, na mikanda ya naitreti ya enzi hizo ilikuwa hatari kweli kuihifadhi: huwaka upesi, na ikishawaka hata maji hayaizimi. Julai 1937 ghala la studio ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea na hazina kubwa ya filamu iliyokuwamo. Kumlaumu mfanyabiashara kwa kuogopa moto wa aina hiyo ni kumwonea.

Hata hivyo, utetezi huo haufiki mbali. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilikuwa limeanzisha maktaba yake ya filamu tangu 1935, kwa hiyo Universal ilipoharibu filamu zake za kimya zilizosalia mwaka 1948, thamani yake haikuwa siri tena. Mwaka huohuo, tena, Ford alitoa 3 Godfathers, kisa kilekile kwa rangi na sauti, akaitunuku kwa kumbukumbu ya Carey aliyefariki mwaka 1947.

Wapo wasemao kwamba, maadamu kisa kimebaki, hasara si kubwa. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu filamu haiishii kwenye kisa. Carey alikuwa na mkao wake, wa kuushika mkono mmoja kwa mwingine karibu na kiwiko, na mwigizaji John Wayne aliuiga makusudi mwishoni mwa The Searchers, filamu ya Ford ya mwaka 1956. Mkao kama huo hausimuliki, sharti uonekane.

Straight Shooting, filamu nyingine ya Ford na Carey ya mwaka 1917, ilidhaniwa imepotea hadi ilipopatikana Prague. Nakala zilizopelekwa ng'ambo mara nyingi hazikurudishwa, kwa kuwa nauli ilizidi thamani yake, na hivyo ubahili uleule ulioziua nyingine ukaziokoa hizi. Anayeitafuta Marked Men basi aanzie nje ya Marekani, kwenye makopo ya filamu yenye majina ya lugha nyingine.