Mafuta ya mlingoti: tunabishania mti gani?

Tangu watu wapige nyungu (kujifukiza mvuke wa majani yaliyochemshwa) mpaka basi mwaka 2020 kipindi cha korona, huku Mbeya vichupa vya mafuta ya mlingoti, yaani mkaratusi, bado vinauzwa na ubishi wake haujaisha, hawa wanasema ni dawa ya kila kitu, wale wanasema hamna kitu humo ni harufu tu. Mi naona wote wanaruka swali la kwanza, mlingoti upi?

Manake milingoti iko mamia ya aina. Ulaya mafuta yake yakitumika kama dawa lazima yawe na sineoli, ile kemikali yake inayofanya kazi ya dawa, angalau asilimia 70, na mti unaojulikana zaidi kwa hilo ni Eucalyptus globulus. Sasa nenda Mufindi au Njombe, kwenye mashamba ya nguzo utakuta sana Eucalyptus grandis na ndugu zake, ambayo mafuta yake kwa kawaida alfa-pineni, kemikali nyingine ya harufu, ndo nyingi, sineoli kiduchu. Na hata mti uleule, umri wa jani na msimu vinabadilisha mchanganyiko, kwa hiyo aliyepona na asiyepona wanaweza wote kuwa wakweli.

Wanaotetea wana hoja nzito lakini. Sineoli inalegeza makohozi, Ujerumani inauzwa kabisa kwenye kapsuli kwa ajili ya bronkaitisi na sainasi, so sio stori za vijiweni. Mchaichai, ambao nao watu huutia kwenye nyungu, una sitrali, kemikali ya harufu yake ya limao, ambayo maabara inaua fangasi vizuri tu.

Ila hiyo "maabara" ndo inapotoshwa. Kwenye kisahani vimelea vinalowekwa kwenye mafuta moja kwa moja, na Jik pia inaua bakteria ila hakuna anayeinywa. Kufikisha kiwango hicho kwenye damu utaumia wewe kwanza.

Halafu nyungu na kichupa watu wanavichanganya. Kilo nzima ya majani mabichi inatoa vijiko vichache tu vya mafuta, hivyo kwenye nyungu hatari kubwa ni maji ya moto kumwagika, hasa watoto wakiwa karibu. Kichupa ni kitu kingine, kijiko kimoja cha chai akinywa mtoto mdogo kinaweza kumletea degedege.

Kwa mtu mzima kupaka kifuani, ukiyazimua na mafuta ya alizeti, sina shida. Kichupa kisicho na jina la mti wala asilimia sinunui, na muuzaji akiongeza kwamba kinatibu na sukari, hapo naaga.