Msiitupe historia ya msimbo mnapohama

Nimewahi kukaa siku mbili nzima nikikodolea macho mstari mmoja wa msimbo. Ulikuwa kwenye programu ya kukokotoa ada, na kabla ya kutoa jumla ulikuwa unakata salio lote lisilofika mia. Kwa nini? Pale ofisini hakuna aliyejua. Nikaiuliza Git, zana inayotunza historia ya msimbo, nani aliuandika. Ikanijibu kwamba programu yote, mwanzo hadi mwisho, iliandikwa siku moja na mtu mmoja, kwa ujumbe wa maneno mawili: "mwanzo mpya". Ofisi ilikuwa imehamia Git kutoka Subversion, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, na aliyehamisha alinakili mafaili ya mwisho tu. Jasho la miaka saba la watu watano likabaki kwa jina lake peke yake.

Linaniuma kwa sababu halikuwa na ulazima. Amri ya `git fast-export --all` humimina historia nzima kama mkondo wa maandishi, na `git fast-import` huupokea mkondo huo na kuijenga upya repo, yaani hazina ya msimbo na historia yake. Hapo katikati ndipo pa kufanyia upasuaji: kusahihisha majina, kuondoa faili lililoingia kimakosa, kutenga folda moja iwe repo yake.

Ila mkondo huo hautaki papara. Tazama kipande hiki:

data 34
Rekebisha hesabu ya ada ya muhula
from :12

Hiyo 34 ni idadi ya baiti za ujumbe, pamoja na ile ya kushuka mstari. Badilisha "muhula" kuwa "mwaka" kwa `sed`, amri ya kubadilisha maneno, ukasahau kupunguza namba, na `fast-import` itameza herufi moja ya mstari unaofuata, ikutane na "rom :12" na kugoma. Zinazohesabiwa ni baiti, si herufi: "ng'ombe" kwa alama iliyonyooka ni baiti 7, kwa alama iliyopinda ni 9. Ndiyo maana nasema tusiuguse mkondo kwa mkono mtupu wakati zipo zana zinazouelewa. `git filter-repo` ya Elijah Newren inatosha kwa kazi nyingi, na naipenda kwa kuwa hukataa kufanya kazi kwenye repo ambayo si nakala mpya, mpaka uilazimishe. Nyaraka za Git zenyewe zinatuelekeza huko badala ya amri yake ya zamani, `filter-branch`. (Na kama unaondoa nywila iliyovuja, ibadilishe kwanza hiyo nywila. Kuifuta kwenye historia hakuirudishi kwenye usiri.)

Kwa wanaotoka Subversion ipo reposurgeon ya Eric Raymond. GCC, mradi wa programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya kompyuta, ulioanza kutolewa mwaka 1987, ulihamia Git Januari 2020 kwa zana hiyo. Historia yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba reposurgeon ilibidi iandikwe upya, kutoka Python kwenda Go, ili iweze kuibeba. Watu walihangaika hivyo ili komiti za zamani, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa moja moja, zisipotee, na sisi wenye komiti elfu tatu tunadai hatuna muda!

Kuhariri historia kuna gharama, sikatai. Kila komiti inayofuata ile uliyoigusa hupata kitambulisho kipya, na wenzako wote watalazimika kuchukua nakala upya. Basi watangazie mapema, na utunze repo ya zamani bila kuigusa.

Sisi tulibahatika: seva ya zamani ilikuwa haijafutwa. Nikatoa dampo, yaani nakala ya historia yote ya Subversion, kwa `svnadmin dump`, nikaandaa orodha ya kuoanisha kila jina la mtumiaji na jina kamili la mwenyewe, reposurgeon ikafanya iliyobaki. Kisha nikaurudia mstari wangu. Safari hii ulikuwa na jina la mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, na ujumbe wake: "Mhasibu anasema dirishani hawapokei sarafu."