Siku Gitaa Langu Lilipomkoromea Bibi Harusi

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Dodoma. Tuko watano, na kila mmoja ana kazi nyingine inayomlisha. Mimi mchana nauza mabomba na koki za maji karibu na soko la Majengo, jioni tunapiga sendofu, kipaimara, na mara mojamoja mkesha. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nilikuwa mgeni wa nyaya. Maikrofoni imeshanipiga shoti mdomoni mara mbili nikiwa katikati ya kiitikio, na mara zote mbili nilimaliza mstari.

Chanzo cha yote ni amplifaya. Ile yangu ya zamani ilikufa kifo cha Dodoma, yaani vumbi. Fundi aliifungua, akakung'uta vumbi la kutosha kujaza kikombe cha kahawa, akaniangalia kama daktari aliyeletewa maiti. Nikajikunakuna, nikaagiza nyingine Kariakoo: ya kidijitali, mtumba, ikaja kwa basi imefungwa blanketi la watoto.

Sasa hii ya kidijitali ndani yake ni kompyuta. Gitaa linaingia, sauti inageuzwa namba, namba zinapikwa ziige amplifaya za zamani za valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani, si valvu za maji ninazouza), zinatiwa mwangwi na dilei, ile ya kurudia noti baada ya muda kidogo, halafu zinageuzwa sauti tena. Unapanga kila kitu kwa simu kupitia Bluetooth. Na kwa nyuma ina matundu mawili, sendi na ritani. Ishara inatokea sendi, inapita nje kwenye pedali zako, vile vifaa vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, inarudi ndani kwa ritani. Hiyo ndiyo lupu ya efekti.

Nilikuwa na pedali mbili za draivu, zile za kuikwaruza sauti kidogo ili solo isikike mbele ya kinanda. Nafasi yake ya siku zote ni mbele: gitaa, pedali, ndipo amplifaya. Lakini mpiga kinanda wetu, mtu anayejua kila kitu isipokuwa muda wa mazoezi, akaniambia, "Kaka, hiyo ni dijitali. Hayo matundu ya nyuma hayakuwekwa urembo. Chomeka huko usikie utamu."

Nikachomeka.

Mazoezi yalikuwa Miyuji, sebuleni kwa mzee wetu wa besi. Nikakanyaga pedali ya kwanza, taa nyekundu ikawaka. Nikapiga nyuzi zote kwa pamoja, nikafumba macho kama mtu anayeonja pilau.

"Mnasikia?"

"Tunasikia!"

Nikasema sauti imenona. Mpiga kinanda akasema inafunguka kwa juu. Mpiga tumba, kijana asiyependa kuachwa nyuma, akasema yeye anaisikia hapa, akajigonga kifuani. Mzee wa besi, aliyeanza kupiga dansi kabla sijazaliwa, akainua miwani.

"Umeshawasha?"

Tulicheka jamani. Mpiga tumba akamwambia, "Mzee, shikamoo, hayo ni masikio ya uzee." Mzee akaitikia marahaba, akaendelea kufunga nyuzi zake.

Wiki ile nzima nilikuwa nazifuata pedali zile kama mtu anayechumbia. Siku ya kwanza draivu niliiweka nusu. Siku ya pili nikaona utamu upo lakini una aibu, nikaipandisha hadi robo tatu. Kufika Alhamisi, draivu ilikuwa mwisho kwenye pedali zote mbili, na kitufe cha sauti nacho nimekizungusha mpaka kikagoma. Mke wangu akaniuliza, "Mbona ni vilevile?" Nikamweleza kwa upole kwamba sikio hufundishwa. Akasema sawa, akarudi jikoni kwenye mlenda wake.

Jumamosi tukawa na sendofu kwenye ukumbi mmoja kule Ipagala. Ukumbi umejaa, mapambo ya kijani na dhahabu, akina mama wa ukoo wametoka Mvumi na ngoma zao za muheme wamezipanga ukutani, na mshereheshaji amekwisha kuwaamkia "Mbukwenyi!" mara saba. Nilikuja na mpwa wangu wa darasa la sita anisaidie kubeba nyaya. Nikampa simu yangu anirekodi nikipiga solo ya kumwingiza bibi harusi mtarajiwa.

Kumbuka, programu ya amplifaya ilikuwa wazi kwenye simu hiyohiyo.

Mlango ukafunguliwa. Binti akaingia, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama. Nyuma yake kijana wa chakula alikuwa anasubiri zamu yake na ndafu kwenye kitoroli, mbuzi mzima kabanikwa, majani mdomoni. Sisi tulikuwa tunapiga rumba ya taratibu. Nimetia mwangwi mrefu na dilei, noti moja inatambaa hadi dirishani na kurudi. Nikakanyaga pedali zote mbili, kama desturi, kwa ajili ya ule utamu.

Noti ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu...

Unajua mashine ya kusaga inapomeza kijiko? Hiyo, mara spika nne. Si noti tena, ni ukuta. Ule mwangwi uliokuwa unatambaa ukainuka ukaanza kukimbia, dilei ikawa inarudisha kishindo juu ya kishindo, halafu juu ya vyote ukatoka mlio mwembamba wa kutoboa meno. Mlezi wa binti akaziba masikio ya binti badala ya yake. Binti akabaki na mguu mmoja hewani. Kijana wa chakula akaachia kitoroli. Ukumbi mzima uliganda, mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na safari, taratibu, kwa heshima zote, mpaka meza kuu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yenyewe. Nilipunguza sauti ya gitaa hadi sifuri, likaendelea kunguruma: shwaaaa, kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikang'oa waya kwenye gitaa. Ikazidi. Nikabadilisha aina ya sauti niliyopanga kwenye amplifaya, kutoka namba 3 kwenda 4, kwenda 5, kila namba inakoroma kwa lafudhi yake. Niligusa kila kitu pale jukwaani isipokuwa pedali. Pedali sikuzifikiria hata kidogo. Na sababu ni kwamba moyoni, chini kabisa, nilikuwa nimekwisha kujua kuwa hazifanyi kitu.

Mzee wa besi akaweka gitaa lake kwenye stendi. Akatembea. Hakukimbia, alitembea. Akakanyaga pedali ya kwanza kwa kiatu chake cha kanisani, kwi, akakanyaga ya pili, kwi. Kimya.

Mshereheshaji akasema kwenye maikrofoni, "Hizo ni salamu kutoka mgodini." Watu wakapasuka vicheko. Bahati nzuri huku ni Ugogoni, alikotoka Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, mtu hasubiri umeme ili apige muziki. Akina mama wa Mvumi hawakumwuliza mtu. Walizibana ngoma mapajani, wakaanza, na binti akashusha ule mguu uliokuwa hewani akaingia kwa muheme, mabega yanatetemeka, vigelegele juu. Kusema kweli aliingia vizuri kuliko tulivyokuwa tumepanga.

Nyuma ya ukumbi, tumekaa juu ya maboksi ya spika, mpwa wangu alikuja anatembea kwa upande kama kaa.

"Mjomba, kuna visanduku kwenye simu. Vyote vilikuwa vya kijani, kimoja kijivu. Nikakigusa kiwe kijani kama wenzake."

Kile kisanduku cha kijivu ndicho kilichokuwa lupu. Kwenye amplifaya nyingi za kawaida ukichomeka waya kwenye ritani, njia ya ndani inakatwa papo hapo, sauti lazima ipite nje. Kwenye hii yangu kuchomeka hakutoshi, njia inafunguliwa kwenye programu. Wiki nzima sauti ilikuwa inapita ndani kwa ndani, na pedali zangu zinawaka taa huko nje kama duka lisilo na bidhaa.

Mzee wa besi akanieleza lililobaki, huku anakula pande la yule mbuzi. "Kijana, draivu ni mashine ya kusaga. Imetengenezwa ipokee nafaka, ile ishara ndogo ya pikapu, kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa. Wewe umeiweka baada ya jiko. Umeipelekea ugali ulioiva, wa moto, na mboga yake, mwangwi na dilei, ukasema saga." Ndiyo maana hata nilipozima gitaa ngurumo haikuisha: pedali zilikuwa zinakuza mvumo wa amplifaya yenyewe na mabaki ya dilei. Na zote mbili nilizifungulia hadi mwisho kwa mikono yangu, nikitafuta utamu.

Kinachoniuma ni kwamba mpiga kinanda hakukosea moja kwa moja. Niliporudi nyumbani na kutulia, nikagundua kwamba kwenye programu ile lupu inaweza kuvutwa kwa kidole ikawekwa mwanzo, kabla ya amplifaya ya kuigiza na kabla ya mwangwi, na hapo draivu inasaga nafaka yake bila ugomvi. Sijamwambia, na sitamwambia.

Mama wa binti alisema hela iliyobaki "tutaongea". Video ya mpwa wangu inaanzia mbuzi alipoanza safari, na imeshafika hadi kwa wateja wangu wa mabomba. Juzi mmoja kaja kununua koki, akaniuliza kama nina isiyokoroma.

Mazoezi yaliyofuata nilirudisha pedali mbele, pale pa siku zote, draivu robo tu. Nikapiga. Mpiga kinanda akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Eeh, sasa imenona."

Mpiga tumba akajigonga kifua. Mzee wa besi akainua miwani.

"Umeshawasha?"

Nikatazama chini. Nilikuwa sijawasha.