Karani wa mwaloni anaonewa

Hesabu ya mitumbwi ikikataa kulingana, wa kwanza kunyooshewa kidole ni karani. Eti kaandika ovyo. Nimeshafungua mafaili mengi ya namna hiyo hapa Mwanza, hasa ya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, na naona karani anaonewa. Kosa lilikuwamo kabla hajagusa kibodi: bosi kanunua kompyuta, kaiacha kwenye mpangilio wa Marekani.

Tarehe kwanza. Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Karani akiandika 04/03/2025, yaani Machi 4, Excel, programu ya majedwali ya hesabu, inaipokea kimyakimya kama Aprili 3. Akiandika 25/03/2025, mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo inabaki maandishi tu. Faili lilelile lina tarehe zilizogeuzwa na nyingine ambazo si tarehe kabisa. Za pili utazijua kwa macho, maana maandishi hukaa kushoto mwa seli na tarehe halisi kulia. Isipokuwa pale mpenda urembo alipopanga kila kitu katikati.

Saa ndiyo balaa. Ndani ya Excel saa ni sehemu ya siku, kwa hiyo saa sita mchana ni 0.5. Karani akiandika “8:30 mchana”, programu haijui mchana ni nini, inayachukua kuwa maandishi. Futa hilo neno uone: sasa inasoma 8:30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi! Ukijumlisha seli zenye maandishi hayo kwa alama ya + utapata #VALUE!, na hapo afadhali, umejua pana tatizo. SUM, fomula ya kujumlisha, yenyewe inayaruka bila kusema neno. Jumla inatoka safi, ndogo kuliko ilivyo, na kibarua analipwa pungufu.

Wapo wanaosema karani afundishwe kuandika saa 24. Sikubaliani nao. Saa anaambiwa na wavuvi, na mwaloni hakuna anayesema “kumi na nne na nusu”. Aandike anavyosikia: saa kwenye safu B, na kwenye safu C achague “mchana” au “usiku”. Hesabu iachiwe fomula, mchana iongeze saa 6, usiku 18, na MOD iondoe siku nzima jibu likizidi saa 24:

=MOD(B2+IF(C2="mchana",6,18)/24,1)

Saa 11 alfajiri aihesabu usiku, itatoka 5:00. Saa 12 na nusu jioni aihesabu mchana, itatoka 18:30.

MOD hiyohiyo inafaa kwa wavuvi wa dagaa, ambao huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Ukitoa 18:30 kwenye 5:00 moja kwa moja, seli inajaa ##### kwa sababu jibu ni hasi. Ukiizungushia MOD unapata 10:30, saa kumi na nusu za kazi.

Basi kabla ya kumkabidhi karani kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya eneo uweke Tanzania, au hata Uingereza. Ila tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazitajirudi. Itabidi mtu akae na daftari la karatasi azipitie moja moja, na mtu huyo awe aliyenunua kompyuta.