Video mmeiona, sasa msikilizeni mwenye wigi

Najua mmeshaiona, ile yangu na gauni la kimalkia kule China. Sekunde 11, na juu yake shoga yangu kaandika "Malkia wa Kariakoo akikimbia askari." Askari hakuwepo. Angekuwepo angenidaka.

Tuanze na makosa yake, maana kwenye video yeye hayumo. Tumefunga mzigo Guangzhou, akasema twende Beijing tukaone Mji Uliokatazwa, ikulu ya zamani ya wafalme wa China, tusirudi nyumbani tunajua magodauni tu. Tukafika langoni Jumatatu. Jumatatu pamefungwa! Na tiketi unakata mapema kwa pasipoti, huendi kupanga foleni tu. Tukapata za Jumatano.

Upande wa lango la mashariki, nje, kuna maduka ya kukodisha mavazi ya kimalkia. Wachina wenyewe wanavaa, wanaingia nayo kupiga picha, kwa hiyo msinicheke. Nikachukua ya enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China: gauni la hariri, taji pana kama kibao cha duka, na viatu. Jamani, viatu vile kisigino kimeota katikati ya wayo! Ni kama umesimama juu ya vikombe viwili vya kahawa. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa 40, mimi navaa 42. Gauni likagoma kufunga mgongoni, dada wa duka akanipiga pini saba. Taji akalibana kwenye wigi. Mkumbuke hapo: kwenye wigi, siyo kwenye kichwa.

Mbele ya Ukumbi wa Taihe, ule wenye ngazi za marumaru, nilipigwa picha na watu nisiowajua hata mmoja. Mwaka 1415 Malindi walimpelekea twiga mfalme Yongle, ndiye aliyeujenga mji huu. Sasa namwelewa yule twiga.

Yaliyonikuta yalinikuta kwenye nyua za ndani walikokaa wake za wafalme. Milango ya kule ina vizingiti vya mbao, na kile kilinifika karibu na goti. Mguu wa kulia ukavuka. Nikajipongeza. Wa kushoto ukanyanyuka, kumbe kiatu cha kulia kimekanyaga pindo. Nikasikia pini ya kwanza: ta! Ya pili. Ilipokatika ya nne nilikuwa hewani, mikono mbele, natafuta pa kushika, na kilichokuwepo ni pipa la shaba, yale waliyokuwa wanawekea maji ya kuzimia moto. Nikalikumbatia kama mume aliyerudi safari.

Mimi nikasimama. Taji halikusimama. Liliendelea na safari, wigi ndani yake, likatua miguuni mwa wazee wa kikundi cha watalii, wote kofia nyekundu. Na chini ya wigi nilikuwa na twende kilioni za wiki tatu.

Kimya. Kisha bibi mmoja akainama, akaliokota kwa vidole viwili kama panya wa mtego, akachungulia ndani, akaniangalia kichwa, akachungulia tena. Halafu akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayerudisha pasipoti ya mtu.

Mwenzangu alicheka mpaka simu ikatetemeka, ndiyo maana video haijatulia.

Mengine haraka haraka. Lango la mashariki nalo ni la kutokea, lingetufikisha jirani na duka. Yeye akafuata umati, tukatokea kaskazini, na ukishatoka hurudi. Tukazunguka ukuta kando ya mfereji, mimi peku, viatu mkononi, khanga yake mgongoni kwangu. Dukani wakakata nusu ya amana kwa ajili ya mshono. Basi.

Na wewe uliyenitumia ujumbe kuuliza kama lile wigi linauzwa: laki na nusu, nywele halisi, nimeshaliosha. Hilo ni wigi lililofika ikulu, usiniombe punguzo.