Cheti kimwangalie mtu mpya

Mwandishi umesema programu za kuchati za chanzo huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zipewe cheti kabla ya watu wapya kupendekezewa, naunga mkono kabisa ila cheti kisiishie kwa mafundi jamani. Huku Mbeya mama wa Mwanjelwa ukimwambia apakue programu ya XMPP, ule mfumo wa kuchati usiomilikiwa na kampuni moja, anaanza kuulizwa achague seva, yaani kompyuta ya kupitishia meseji zake, seva gani sasa? anaiacha hapo hapo anarudi WhatsApp. Na XMPP ni nzuri sana, ipo tangu 1999 ikiitwa Jabber, wa programu ya Conversations anachati na wa programu ya Dino hata kama seva zao ni tofauti, lakini kuna programu za zamani hazina OMEMO, ule ufichaji wa meseji zisisomwe njiani, yaani mwenye seva anaweza kusoma meseji zako, mtu mpya atajuaje? Hapo ndo cheti kinahitajika. Kiseme ufichaji umewashwa tangu mwanzo au mpaka uutafute kwenye mipangilio, simu ikipotea meseji zinarudi au ndo basi, halafu kiwe na mwisho wake maana msanidi akichoka anaiacha programu na cheti kinabaki kinadanganya watu. Kwa sasa ndugu zangu wa Tukuyu nawawekea Signal, kujiandikisha inataka namba ya simu ila tangu 2024 unaweza kuwaficha watu hiyo namba ukatumia jina